Ukurasa wa Biskuti

Mafuta ya cherehani yananuka vilevile popote uendapo. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yangu Ineza kwa fundi ashonewe sare ya shule, na kabla sijavuka kizingiti ile harufu ikanifikia: mafuta, kitambaa kipya ambacho hakijaguswa na maji, na vumbi la chaki. Fundi mwenyewe alikuwa kijana, simu sikioni, hana habari na sisi. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akachomoa kwenye msumari karatasi iliyokatwa umbo la kola, akailaza juu ya kitambaa. Mimi nikaketi. Ineza akadhani nimechoka, nami nikamwacha adhani hivyo, kwa sababu habari yenyewe ni ndefu na si ya kusimulia mbele ya mtu mwenye simu sikioni. Nawasimulia nyinyi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani na Goma, mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na shangazi yangu, dada yake baba. Shangazi aliuza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani, na kwa hiyo nyumba yetu ilinuka sambaza, blanketi zilinuka sambaza, na madaftari yangu ya shule yalinuka sambaza hadi mwalimu akawa anayajua bila kusoma jina. Baba, mama na kaka zangu wawili hawakuwepo tena. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyosema wakati ule mtu akiniuliza: hawapo. Nilisema kwa sauti ileile ya kusema sukari imeisha. Watu walingoja nilie, wakiona silii wakahamia kwenye habari za mvua. Wengine walinisifu kwa shangazi, kwamba huyu mtoto ana moyo, jamani, ana moyo. Shangazi hakunisifu. Aliniangalia tu, kama mtu anayeangalia sufuria iliyokaa motoni muda mrefu na haichemki.

Ukweli ni kwamba nilikuwa sihisi kitu. Sikuwa na huzuni, msije mkanionea huruma ya bure. Chakula nilikula, shule nilikwenda, hesabu nilipata. Siku milio ya risasi iliposikika upande wa milimani na shule ikafungwa, wenzangu walijibanza kwa mama zao. Mimi nilikunja sare yangu vizuri ili shule ikifunguliwa nisihangaike na pasi. Nilijua mahali ambapo mtu hutakiwa kuogopa. Nilipajua kama unavyojua nyumba ya jirani ambayo hujawahi kuingia.

Sasa, kwenye barabara ya kushukia kivuko cha mpaka cha Petite Barrière, mahali ambapo wachuuzi na wachukuzi hupita tangu alfajiri na mabeseni kichwani wakienda na kurudi Goma, kulikuwa na baraza ya Mama Furaha. Alikuwa mshonaji. Alizaliwa upande wa Congo, wazazi wake walikimbilia huko zamani, naye akarudi nyumbani ambako hakuwahi kuishi, na mume mkimya, cherehani moja ya miguu, na katoni tatu za karatasi. Karatasi zilikuwa za patroni. Mshonaji anayejiheshimu hakati kitambaa kwa macho. Anakata karatasi kwanza, kola, mkono, mgongo, anailaza juu ya nguo na kuifuata kwa chaki. Zile katoni Mama Furaha alizipata Goma, shule moja ya mapadri ilipokuwa inatupa vitu vyake vya zamani. Ndani yake kulikuwa na magazeti ya katuni ya Kifaransa, makubwa, karatasi yake nzito na inayong'aa. Bede, tulikuwa tunayaita. Vyombo vya kwenda mwezini, watu wenye kofia za kioo, mashine zinazotembea kwa miguu mitatu. Yeye hakuona hayo. Aliona karatasi isiyochanika ukiibana kwa pini.

Aliyeyagundua ni Josiane. Yeye naye alirudi kutoka Goma, tulisoma darasa moja, na alikuwa msichana wa kusimama akipimwa nguo huku macho yakitembea kila kona. Akaona patroni ya mgongo wa gauni la mtu imechorwa roketi. Akaomba asome kabla hazijakatwa zote. Mama Furaha alifikiria, pini zikiwa mdomoni, halafu akatoa sharti lake, na sharti lile ndilo lililotufanya tuwe tulivyokuwa.

"Mi siwezi soma yote hii," alisema. "Musome nyinyi, muniambie. Ile iko mubaya nakata. Ile iko muzuri, ingoje."

Mnaelewa uzito wa jambo hilo. Tulikuwa wasomaji wanne, na maisha ya kila bede yalikuwa katika maneno yetu. Ikikuchekesha, sema. Ikikuogopesha, sema kwa nguvu. Ukisita, mkasi unaingia. Josiane alileta daftari, kaye alivyoita yeye, na kila msomaji akaandika humo alivyoguswa. Jumamosi baada ya chakula cha mchana tulikaa barazani, na mmoja wetu akamsomea Mama Furaha kaye yote huku yeye akikanyaga cherehani. Alisikiliza kwa mguu. Maneno yakimwingia, mguu ulipunguza mwendo.

Tuliandika Kiswahili kwa sababu ndicho kitu pekee tulichokuwa nacho sote. Josiane alikuwa na kile cha Goma. Tadeo alikulia Kigoma, Kiswahili chake kimenyooka hadi tukamwonea aibu, na mama yake alikuwa bado huko. Yeye alirudi na baba tu. Kizito alitoka Uganda. Kinyarwanda chake kilitosha kuomba maji, Kifaransa hana hata cha salamu, na Kiswahili alikiokota njiani kama kuni. Lakini katika kaye hakuna aliyemfikia Kizito. Hakuwa anasoma neno hata moja katika zile bede, anaangalia picha tu, na kila mara alilia, alicheka, alishindwa kulala. Mama Furaha alimpenda sana.

Tadeo, kwa kuwa mtu wa taratibu, alitunga kanuni. Bede hailali kwako zaidi ya siku tatu. Hailiwi juu yake. Haikunjwi. Na atakayepoteza ukurasa hasomi tena, kwa sababu mtu anayepoteza karatasi hana tofauti na mkasi. Tulizikubali zote bila kupiga kura.

Mimi niliingia wa nne, Josiane akiwa ndiye aliyenileta, na nikaanza kwa kuua. Bede yenyewe ilihusu mji ulio chini ya bahari na samaki wa chuma wanaoubeba. Niliisoma usiku mmoja na asubuhi yake. Katika kaye nikaandika: Nimesoma. Picha ni nzuri. Wanafika. Jumamosi Tadeo alisoma maneno hayo, akageuza karatasi kuona kama kuna mengine, hakuna. Mama Furaha akauliza, ni hivyo tu? Nikasema ndiyo, wanafika. Akavuta mkasi palepale, kwa sababu kwaya ya parokia ilikuwa inangojea majoho, na mji wa chini ya bahari ukawa mikono ishirini na minne. Kizito alikuwa ameingoja zamu yake wiki mbili. Aliokota kipande kilichoanguka, kikiwa na mkia wa samaki wa chuma, akakitia ndani ya shati.

Walinikalia kikao njiani, karibu na ukuta wa mawe meusi. Hawakunigombeza. Tadeo alieleza kwa upole kwamba tatizo si kwamba niliandika vibaya, tatizo ni kwamba niliandika kama karani wa mahakama, na kwamba ikitokea tena sitapewa bede nyingine. Nilijua kwamba hapo ndipo mahali pa kuumia. Sikuumia. Lakini nilitaka kuendelea kusoma, hilo nalikumbuka, na nawaambia ndilo jambo pekee nililolitaka mwaka ule mzima. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu katika bede watu walikuwa mbali na walivaa kofia za kioo, na hakuna aliyewauliza wanajisikiaje.

Basi nikajifunza kuguswa kama nilivyojifunza Kifaransa, kwa kukariri. Nilianza kusoma kaye kwanza na bede baadaye. Kaye iliniambia wapi pa kushtuka. Nikifika pale nasimama, naangalia picha, naangalia ndani yangu, hakuna kitu, naandika: nilishtuka sana. Mara moja tu nilijisahau. Tulikuwa tumeanza hadithi ya Kapiteni Orban, mtu anayelinda kituo kilicho mbali kabisa na dunia, peke yake na fundi mmoja wa mitambo. Katika toleo la kwanza taa za kituo zinazimika, na wenzangu wote waliandika jinsi walivyoshikwa na hofu. Mimi nikaandika kwamba ni makosa yake, aliacha taa ya jikoni inawaka tangu ukurasa wa sita. Mama Furaha alicheka hadi uzi ukakatika. Akasema huyu Beata iko na mambo. Wote wakafikiri nimefanya mzaha, na Orban akaokoka mkasi kwa sababu ya mzaha ule. Sikuwa nafanya mzaha, niliona taa.

Orban alikuwa na matoleo manne, na Mama Furaha aliyaweka pamoja juu ya rafu ya nyuzi. Toleo la tatu lilimfikia kila mtu kwa zamu, Josiane kwanza, mimi wa mwisho. Nilipopewa kaye nilifungua kama kawaida yangu, na nikaona kwamba safari hii mambo ni mazito. Josiane alikuwa ameandika nusu ukurasa. Redio ya kituo inawaka taa nyekundu, ujumbe umefika kutoka duniani, na ni mama yake Orban. Mimi nililia, aliandika Josiane, mama yake aliongea polepole vile alijua redio iko mubovu. Tadeo naye: Nililia mama yake alipomwita kwa jina lake la utotoni. Tadeo hakuwahi kuandika nililia, alikuwa mtu wa nilisikitika. Kizito akaandika kwa herufi kubwa kwamba mama alikuwa anamuuliza kama amekula.

Nikajua kazi ninayo. Nilisoma bede kwa makini, nikiwa nimekaa juu ya beseni la shangazi lililogeuzwa, mlangoni penye mwanga. Ukurasa wa thelathini, redio inawaka taa nyekundu, na fundi wa mitambo anaita, Kapiteni, kuna ujumbe. Nikahamia ukurasa wa kulia. Nikajikuta ukurasa wa thelathini na tatu. Orban ameketi, kofia ya kioo mapajani, kichwa chini, na fundi anamuuliza wamesema nini. Hajibu.

Nilirudi nyuma. Nikatenganisha karatasi kwa ukucha. Thelathini, thelathini na tatu. Karatasi ile yenye mama haikuwepo.

Nilitafuta chini ya kitanda, ndani ya blanketi, kwenye mfuko wa shule. Nilimuuliza shangazi kama amefungia mtu sambaza kwa karatasi yenye picha, naye akakasirika, akasema yeye hafungi samaki kwa karatasi za shule za mtu, amenilea vipi hata nimwazie hivyo. Nikatafuta hadi ndani ya ndoo ya maji. Wenzangu watatu walikuwa wameuona ukurasa ule na kuulilia. Umefika kwangu, umepotea. Kanuni ilikuwa wazi. Nilikaa tena juu ya beseni nikapanga mambo yangu taratibu. Nikisema, nafukuzwa, na la nne silisomi. Nisiposema, huenda asijue mtu. Lakini lazima niandike kwamba nimeuona, na niandike kwa namna ambayo hata mwenye shaka ataamini.

Mwongo mzuri anaweka kitu kidogo. Hilo nililijua mwenyewe, sikufundishwa. Nikaandika: Mi pia nililia. Mama yake alikuwa amevaa sweta ya kijani, vifungo vyake vyeupe, kimoja tu ni cha kahawia. Nikapuliza wino ukauke, nikaenda kuteka maji.

Jumamosi ile jua lilikuwa kali na vumbi la barabarani lilikuwa jeusi, la mawe ya volkano, kama kawaida yetu. Mama Furaha alikuwa na sare za shule za kushona, rundo zima la magauni ya bluu, kila moja na kola ya duara. Sare yangu mimi aliishona yeye, na za nusu ya wasichana wa darasa letu. Josiane ndiye aliyesoma. Alisoma yake, mguu ukapunguza mwendo. Akasoma ya Tadeo, ukapunguza zaidi. Ya Kizito alisoma huku Kizito akiangalia pembeni. Alipofika kwenye sweta yangu cherehani ilisimama kabisa, na tukaanza kusikia barabara, mabeseni na watu wakibishana njiani.

Mama Furaha akafuta mikono kwenye kitenge chake. Akasema katika bede zote hizi hajawahi kusikia watu wanne wakilia mahali pamoja. Akasema leteni, huyu mama na mimi nimuone.

Hakuna aliyenyanyuka. Bede ilikuwa mapajani mwangu. Niliona wenzangu wakiniangalia, nikadhani wananingoja. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba kila mmoja alikuwa anaomba Mungu mwenzake aanze. Nikasimama. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida tu.

"Ukurasa haupo," nikasema. "Nimeupoteza mimi. Sikuuona."

Nikawaambia na sweta nimeitunga. Nikamkabidhi Tadeo ile bede, kwa sababu ndiye mwenye kanuni, nikashika mfuko wangu niondoke. Tadeo aliipokea lakini hakunitazama. Alikuwa ameangalia viatu vyake, na masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Ndipo Mama Furaha akauliza ni ukurasa wa ngapi. Nikamwambia. Akaichukua bede, akaifungua katikati, akapitisha kidole kwenye mshono penye pini za chuma. Halafu akageuka ukutani na kuchomoa kwenye msumari patroni ya kola.

"Mi ndio nilikata," alisema. "Zamani. Kabla Josiane akuje hapa."

Akaiweka mezani. Kola ya duara, imetobolewa pini pembeni hadi imekuwa kama chujio, na tukaona juu yake nusu ya uso wa mtoto mnene anayeuma biskuti. Akaigeuza. Nyuma kulikuwa na baiskeli, na maneno ya kuwaambia watoto watume vifuniko vya boksi ili wajaribu bahati yao. Tangazo. Mbele biskuti, nyuma biskuti. Mama Furaha akasema kwa namna ya kujitetea kwamba yeye hakukata hadithi, aliona tu biskuti, na biskuti si hadithi, hata asiyesoma anajua.

Hapakuwa na mama. Si katika ukurasa ule, wala popote. Redio inawaka, Orban anainamisha kichwa, na ujumbe wenyewe mchoraji hakuuonyesha.

Kizito alianza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeshikwa, akaacha katikati. Mimi nilikuwa bado nimesimama na mfuko wangu begani. Nilikuwa nafanya hesabu: Josiane hakuuona, Tadeo hakuuona, Kizito hakuuona. Wamelia wote watatu. Nikahisi kitu kama kufarijika, kwamba kumbe tuko wengi tunaodanganya. Hivyo ndivyo nilivyoelewa siku ile, na niliridhika nao ufahamu huo kwa miaka mingi.

Mama Furaha hakukasirika. Alimtaka Josiane asome tena, taratibu, mmoja mmoja, na kila akimaliza mmoja aliuliza swali dogo. Josiane alisema aliona karatasi haiko, akajiambia ujumbe ni wa mama. Nani mwingine angemtafuta mtu mbali hivyo? Sote tulijua kwamba Josiane alipotezana na mama yake barabarani wakati wa kukimbia na kwamba nyumbani kwao redio haizimwi, wanasubiri vipindi vya kutafuta watu. Tadeo aliulizwa jina la utotoni la Orban ni lipi, akajibu kwa sauti ya chini jina lake mwenyewe, lile ambalo Kigoma walimwita. Kizito alisema mama yake, kabla ugonjwa haujammaliza, hata akiwa hawezi kuinuka, aliuliza hivyo tu kila Kizito akiingia, umekula? Kisha ikafika zamu yangu.

"Na we, Beata. Ile sweta uliona wapi?"

"Kwa mama," nikasema, neno likitoka kabla sijalifikiria.

Nilikuwa sijalitamka neno hilo tangu niende kuishi kwa shangazi. Nililisema, nikangoja. Nilidhani kitu kitatokea, angalau ndani ya kifua. Akapita mchukuzi na gunia la vitunguu, akamsalimu Mama Furaha, akapita. Hakuna kilichotokea. Mama Furaha aliniangalia muda mrefu, kwa lile jicho la shangazi, la sufuria, akainama kukanyaga cherehani lakini hakukanyaga.

Akasema basi. Akasema tangu leo tusome tu, yeye hatatuuliza tena tumeguswaje. Jumatatu yake, tukipita kwenda shule, tulimkuta barazani anakung'uta mifuko mitupu ya saruji, anakohoa, anainyoosha na kuikata iwe patroni. Alikata saruji tangu siku hiyo. Wateja walilalamika kwamba nguo zao zinatoka na vumbi la kijivu, naye akawaambia waende kwa mshonaji mwingine. Bede zilizobaki aliziweka ndani, juu ya kabati la vyombo, na mkasi haukuzigusa tena. Ajabu ni kwamba tuliendelea kumwambia. Hakuuliza, nasi tulisimulia tu, na Kizito aliendelea kulia kila mahali.

Toleo la nne nililisoma. Nililipigania, kama mlivyoona, na nililisoma lote, kwa siku zangu tatu. Leo mkiniuliza Orban alirudi nyumbani au hakurudi, sijui. Siikumbuki hata picha moja. Ninachokikumbuka ni toleo la tatu, na ndani yake ule ukurasa ambao haukuwemo.

Ndiyo maana nilikaa chini kwa yule fundi mwezi uliopita. Alimaliza simu yake, akashona, akamvalisha Ineza ajaribu. Gauni likakaa vizuri, kola duara, ila nyuma kulikuwa na pengo. Kifungo kimoja kilipungua kwenye pakiti. Fundi akapekua kopo lake, akapata cha kahawia, akasema ningoje kesho ataleta cheupe, maana hiki hakifanani. Ineza akasema bora kesho, watamcheka.

Na mimi nikakumbuka. Sweta haikuwa uongo wala haikuwa kitu kidogo nilichokitafuta ili niaminike. Kifungo cha sweta ile nilikivuta mimi mwenyewe, nikiwa mdogo, nikining'inia kwa mama asiende sokoni bila mimi. Kilidondoka kwenye nyasi, hatukukiona. Mama hakunichapa. Alikata kifungo cha koti kuukuu la baba, cha kahawia, akakishona palepale, amesimama, sweta ikiwa mwilini, mimi nikimshikia uzi. Na asubuhi ya mwisho nilipomwona ndiyo aliyokuwa ameivaa. Haya yote nilikuwa sinayo nilipokaa juu ya beseni na ile kalamu. Mkono uliandika, nikaenda kuteka maji. Nikawaona wenzangu waongo, nikajiona na mimi mwongo kama wao, kumbe watu wanne tulipewa nafasi tupu moja na kila mtu akamweka humo mama yake, na mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimemwandika. Sikujua tu.

Nikamwambia fundi aweke hicho hicho cha kahawia. Ineza akapinga, akasema, Mama, hakifanani. Wakati huo nilikuwa nimeanza kulia. Si machozi ya kupangusa kwa kidole. Nililia kwa sauti, kwenye kiti cha mbao cha duka la watu, mchana kweupe, mwanamke mzima mwenye mkoba. Fundi akaweka kopo la vifungo chini. Ineza akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba watu wanaangalia.

Waangalie. Katika kaye ya Mama Furaha niliandika "mi pia nililia", na siku ile nilidanganya. Kama kaye hiyo bado ipo mahali, isifutwe. Nimelia.